Programu za Muziki na Kompyuta Zinazobadilika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya maprodyuza, mafundi mitambo wa studio na wanamuziki wanaotaka kazi walizotengeneza miaka kumi iliyopita zifunguke leo, na za leo zifunguke miaka kumi ijayo. Majibu mengi yanahusu Windows na Mac, kwa kuwa ndizo zinazotumika katika studio nyingi za kwetu.

Faili la projekti ninalo. Kwa nini wimbo haufunguki?

Faili la projekti halina wimbo ndani yake. Lina maelekezo: sauti hii ianze hapa, ipite kwenye plagini ile (programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu ya muziki), gitaa lichukuliwe kwenye folda fulani, besi ipigwe na kinanda fulani cha programu kwa mpangilio uliohifadhiwa siku ile. Sauti zilizorekodiwa ziko kwingine kwenye diski, na kinanda kiko ndani ya plagini. Unapobofya faili, vitu vingi vinaitwa kwa mpigo: programu, plagini zote, sampo zote (vipande vya sauti vilivyorekodiwa tayari), leseni ya kila kimoja, na chini yake mfumo endeshi, kama Windows au macOS, na prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, ambavyo vyote hivyo viliandikiwa. Kikikosekana kimoja, wimbo unafunguka bila besi, au unagoma kabisa.

Ndiyo sababu mkanda wa redio wa miaka ya 1970 ukitunzwa vizuri na kupata mashine nzima unasikika hadi leo, ilhali projekti ya 2011 inaleta orodha ya plagini zisizopatikana. Mkanda umebeba sauti yenyewe.

Ni kitu gani huharibika kwanza?

Mara nyingi ni draiva (programu inayounganisha kifaa na mfumo endeshi) ya interfesi ya sauti, kile kifaa cha kuingizia na kutolea sauti kwenye kompyuta, kisha plagini, kisha leseni. Programu kuu ndiyo hudumu zaidi, kwa sababu ina kampuni nyuma yake na wateja wanaolipia matoleo mapya.

Draiva hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo endeshi. Microsoft au Apple wakibadilisha taratibu za huko ndani, draiva lazima iandikwe upya, na kampuni iliyouza interfesi mwaka 2009 haina sababu ya kibiashara ya kuwalipa wahandisi kwa ajili ya kifaa isichokiuza tena. Plagini zina tatizo lake: nyingi, hasa zile za bure tulizozipenda, ziliandikwa na mtu mmoja. Akiacha, hakuna wa kuendeleza.

Biti 32 na biti 64 inanihusu nini mimi ninayetengeneza midundo?

Inakuhusu sana, maana hapa ndipo kazi nyingi za kabla ya 2015 zilipokwama.

Programu ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu. Sampo za piano na okestra zilipokuwa kubwa, kiwango hicho kikawa kidogo, na kampuni zote zikahamia biti 64. Shida ni kwamba programu ya biti 64 haiwezi kupakia plagini ya biti 32 moja kwa moja. Inahitaji daraja, yaani programu ndogo inayoendesha plagini ya zamani pembeni na kupitisha sauti kati ya pande mbili.

Kampuni za programu za kutengenezea muziki ziliachana na plagini za biti 32 kwa nyakati tofauti. Pro Tools 11 na Logic Pro X ziliziacha mwaka 2013, Cubase 9 ikafuata mwishoni mwa 2016, Ableton Live 10 mwaka 2018. FL Studio kwa Windows iliendelea kuja na daraja lake, na Reaper pia. Kwa programu nyingine za Windows, watu wengi walitumia daraja la kununua liitwalo jBridge.

Upande wa Mac hakuna ujanja huo tena. Toleo la macOS liitwalo Catalina, la Oktoba 2019, liliondoa kabisa uwezo wa kuendesha programu yoyote ya biti 32. Wengi waliobofya sasisho hilo waligundua baadaye kwamba baadhi ya plagini zao zimekwenda. Ikiwa projekti yako ilitumia plagini za namna hiyo, njia ya uhakika ni kutafuta Mac yenye toleo la kabla ya hapo, yaani Mojave kurudi nyuma, kufungua kazi humo na kutoa kila traki, yaani kila sauti au ala peke yake, kama faili la sauti.

Natumia Mac. Nitegemee nini?

Tegemea mabadiliko makubwa kila baada ya muda, kwa sababu Apple imefanya hivyo mara nyingi na haijawahi kujificha. Mwaka 1994 ilihama kutoka prosesa za Motorola 68000 kwenda PowerPC. Mwaka 2006 ikahamia Intel, na kuanzia Novemba 2020 ikaanza kuuza kompyuta zenye prosesa yake yenyewe, M1. Katika kuhamia Intel ilileta mkalimani, programu ya Rosetta, iliyowezesha programu za zamani kufanya kazi kwenye prosesa mpya. Mkalimani huyo aliondolewa mwaka 2011 katika toleo la Lion.

Historia inajirudia. Rosetta 2 ndiyo inayoendesha plagini za Intel kwenye Mac za M1 na zilizofuata. Mwaka 2025 Apple ilitangaza kwamba macOS 26, iitwayo Tahoe, ni toleo la mwisho kwa kompyuta za Intel, na kwamba Rosetta 2 itaendelea kwa ukamilifu hadi macOS 27 tu. Kwa hiyo ukiwa na plagini ambayo bado ni ya Intel peke yake, huu ndio wakati wa kuishughulikia. Fungua orodha ya plagini zako, tazama ipi mtengenezaji wake ametoa toleo la prosesa mpya na ipi hajatoa. Zile ambazo hazijatolewa, zigeuze kuwa sauti kwenye kila wimbo unaoujali.

Jambo moja linalowachanganya watu: katika programu nyingi, ukiiendesha programu kwa hali ya kawaida kwenye M1, plagini za Intel hazionekani kabisa. Hazijafutika. Funga programu, ichague iendeshwe kupitia Rosetta, kisha ifungue tena.

Windows je? Nasikia inavumilia vya zamani.

Ni kweli, na kwa studio yenye kazi nyingi za zamani naona ni sababu halali ya kubaki nayo. Windows 11 bado inaendesha programu za biti 32, na si ajabu kukuta programu ya muziki ya mwaka 2005 ikifunguka bila malalamiko.

Lakini usilale. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kompyuta yenye kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha nane kwenda juu. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa madukani mwetu ziko chini ya hapo. Je, utupe? Hapana. Kompyuta ya kurekodia isiyoingia intaneti inaweza kuendelea na Windows 10 miaka mingi. Inayohatarisha ni ile unayorekodia na hapohapo unafungulia barua pepe na kupakulia mafaili ya wateja.

Tahadhari nyingine ni laptopu mpya za Windows zenye prosesa za ARM, aina tofauti na za Intel. Programu za kawaida zinatafsiriwa na kufanya kazi, ila draiva hazitafsiriwi. Kama mtengenezaji wa interfesi yako hana draiva ya ARM, usinunue laptopu hiyo kwa kazi ya studio.

Kampuni zinasema VST2 imekufa. Plagini zangu zitakufa nayo?

VST ni utaratibu ulioletwa na Steinberg ya Hamburg, kampuni yenye Cubase, mwaka 1996 ili plagini na programu ziweze kuzungumza. Toleo la pili lilikuja 1999 na ndilo lililotapakaa dunia nzima; la tatu lilikuja 2008. Steinberg iliacha kutoa zana za kutengenezea VST2 mwaka 2018, na mwaka 2022 ikatangaza kwamba programu zake zitaacha kutumia plagini za VST2. Kampuni nyingine bado zinazikubali, kwa hiyo plagini hazijafa.

Mtego uko kwenye projekti. Plagini moja ikiwepo kwa VST2 na VST3, programu nyingi zinaziona kama vitu viwili tofauti. Ukifuta ya zamani na kubaki na mpya, wimbo wa zamani utaitafuta ile ya zamani na kuikosa, ingawa mipangilio ni ileile. Baadhi ya watengenezaji wameweka njia ya kubadilishana, wengine hawakuweka. Ushauri wangu ni huu: kazi mpya zote zianze na VST3, na zile VST2 ziachwe mahali zilipo kwa ajili ya kazi za zamani. Nafasi zinazochukua kwenye diski ni ndogo sana.

Studio yetu yote ni FL Studio. Tupande toleo jipya au tubaki?

Pandeni, ila kwa utaratibu. FL Studio, iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ina sifa ambayo wenzake wachache wanayo: ukinunua leseni mara moja, matoleo yote yanayofuata ni yako bila kulipa tena. Kwa prodyuza wa kipato chetu hilo ni jambo kubwa. Pia Image-Line, kampuni ya Ubelgiji inayoitengeneza, imejitahidi kuhakikisha projekti za zamani zinafunguka kwenye matoleo mapya.

Kinyume chake hakuna uhakika. Projekti iliyohifadhiwa kwenye toleo jipya inaweza isifunguke vizuri kwenye la zamani. Hapa ndipo ugomvi kati ya studio mbili huzaliwa: mmoja ametengeneza mdundo kwenye toleo jipya, mwenzake atakayerekodi vokali ana la miaka mitano nyuma. Sakinisheni toleo jipya pembeni ya la zamani, kwa kuwa FL Studio inaruhusu matoleo mawili kukaa kompyuta moja. Kila mkifungua kazi ya zamani kwenye toleo jipya, ihifadhini kwa jina jingine na faili la awali liachwe lilivyo.

Na mkihifadhi, tumieni kifurushi cha zip kinachokusanya sampo zote za wimbo. Kumbukeni tu kwamba kifurushi hicho hakibebi plagini za nje.

Interfesi yangu ya zamani ni nzima kabisa lakini kompyuta mpya haiitambui. Nifanyeje?

Inategemea waya wake. Kama ni ya FireWire, aina ya zamani ya muunganisho wa waya, Windows bado inawezekana kwa kuweka kadi ya FireWire kwenye kompyuta ya mezani, na mafundi kwa muda mrefu wamependelea kadi zenye chipu ya Texas Instruments. Kwenye Mac, toleo la Tahoe limeondoa FireWire, kwa hiyo hapo ni kubaki na toleo la nyuma au kuachana na kifaa.

Kama ni ya USB, uliza swali moja kabla ya kununua nyingine: je, inafuata utaratibu wa jumla wa sauti kwa USB, ule usiohitaji draiva ya mtengenezaji? Interfesi ya aina hiyo unaichomeka kwenye Mac, Linux, hata simu, ikafanya kazi. Windows nayo ilianza kukubali kizazi cha pili cha utaratibu huo bila draiva ya ziada mwaka 2017. Mimi naweka sifa hii juu ya sifa nyingi zinazotangazwa kwenye boksi, maana kifaa kisichotegemea draiva ya kampuni kina nafasi ya kuishi hata kampuni ikisahau kwamba iliwahi kukitengeneza.

Programu niliinunua kihalali. Leseni inaweza kunifungia nje?

Inaweza. Mfano uko wazi: kwa miaka mingi Cubase ililindwa kwa kifunguo cha USB cha mfumo wa eLicenser. Steinberg ilihamia mfumo mpya mwaka 2022, na huduma ya eLicenser ikafungwa Mei 2025. Wateja walipewa muda wa kuhamisha, na wenye matoleo ya zamani wakabaki wakitegemea kifunguo kilekile kisiharibike.

Kwa kila programu uliyonayo, andika mahali: namba ya leseni, barua pepe uliyojisajilia, na kama inahitaji intaneti kuthibitishwa. Pakua faili la kusakinishia ulihifadhi kwenye diski yako, usitegemee tovuti ya kampuni. Na kabla ya kufuta Windows au kuuza laptopu, ondoa leseni kwenye kompyuta hiyo, kwani nyingi zina idadi maalumu ya mashine.

Na hizi tulizokraki, yaani kuvunja kinga ya leseni ili tusilipe?

Nitajibu bila kuhukumu, kwa sababu najua bei zake zikilinganishwa na tunacholipwa kwa wimbo mmoja. Kwa suala la kudumu, plagini iliyokrakiwa ndiyo mbaya kuliko zote. Haina sasisho na haina wa kumuuliza. Sasisho la mfumo au la programu ya kukinga virusi linaweza kuifuta usiku mmoja, na ukiitafuta tena unapata toleo jingine ambalo projekti yako hailitambui, au unapata virusi. Leo kuna mbadala wa bei ndogo: Reaper ina leseni ya dola 60 kwa watu binafsi na biashara ndogo, na unaijaribu kwa siku 60 ikiwa kamili. Kama bado mnazo za kukraki, basi angalau kila wimbo unaomalizika mtoe traki zake zote siku hiyohiyo.

Kampuni ikifilisika au programu ikiuzwa?

Imetokea mara nyingi. Apple iliinunua Emagic, kampuni iliyotengeneza Logic, mwaka 2002, na toleo la Windows likasimamishwa. Waliokuwa nalo walibaki na toleo la 5.5. Mwaka 2003 Adobe iliinunua programu ya kurekodia ya Cool Edit Pro na kuigeuza Audition. Novemba 2017 Gibson ilisimamisha programu ya Sonar ya Cakewalk, halafu BandLab ikaichukua mwaka uliofuata na kuitoa bure. Programu haizimiki siku kampuni inapofunga. Inaendelea kufanya kazi mpaka mfumo endeshi utakapobadilika, na kipindi hicho cha katikati ndicho cha kutolea kazi zako.

Basi nihifadhi vipi ili wimbo usitegemee programu yoyote?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe kabla ya mengine yote.

Wimbo ukishakamilika, toa kila traki kama faili la WAV linaloanzia mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama ala hiyo inaingia dakika ya pili. Yote yakianza pamoja, mtu yeyote, kwa programu yoyote, atayapanga kwenye mstari wa kuanzia na wimbo utakaa sawa. WAV ipo tangu 1991 na kila programu ya sauti inaisoma. Tumia biti 24 na kiwango kilekile cha sampuli ulichorekodia, kilohezi 44.1 au 48. Usihifadhi kwa MP3.

Kwa vokali na ala zilizorekodiwa, toa mara mbili: moja kavu bila plagini, nyingine ikiwa na rangi uliyoiweka. Kavu ni kwa atakayefanya miksi upya, ya rangi ni kwa ajili ya kuukumbuka wimbo ulivyokuwa. Kwa vinanda vya programu, toa sauti pamoja na noti zake kama faili la MIDI. MIDI ni ya 1983, na faili lake sanifu ni la 1988. Ni vitu vichache katika fani hii vilivyodumu namna hiyo.

Weka na faili la maandishi ya kawaida: jina la wimbo, tempo, ufunguo, waliopiga na kuimba, programu na toleo lake, plagini muhimu. Ongeza miksi ya mwisho, masta, na toleo lisilo na vokali. Wateja wa filamu na matangazo huja kuomba toleo hilo miaka mingi baadaye, na prodyuza asiyekuwa nalo hupoteza malipo.

Hofu ya nafasi ni kubwa kuliko ukweli. Traki ya mono ya dakika nne kwa biti 24 na 48 ni kama megabaiti 35. Wimbo wa traki 40 ni kama gigabaiti 1.4, hivyo diski ya terabaiti moja inabeba nyimbo 700 hivi. Nunua diski mbili, zikae nyumba mbili tofauti, na ziwashwe angalau mara moja au mbili kwa mwaka kuhakikisha zinasomeka. Diski moja iliyo kwenye droo ya studio si bakapu. Mwizi, maji na umeme vinaipata pamoja na kompyuta.

Hakuna faili moja linalosomwa na programu zote?

Yapo majaribio. Mafaili ya kubadilishana kazi yaitwayo AAF na OMF yanahamisha traki na mikato yake, ila mara nyingi plagini hazivuki. Mwaka 2023 kampuni za Bitwig na PreSonus zilileta DAWproject, faili huria linalobeba pia noti, mikondo ya sauti na mipangilio ya plagini, na Cubase 14 ikalikubali. Ni hatua nzuri, litumie kuhamisha kazi kati ya studio. Kwa hifadhi ya muda mrefu bado naamini WAV. Linux nayo, pamoja na programu ya chanzo huria kama Ardour, ina faida kwamba hakuna kampuni ya kukuzimia, lakini plagini nyingi za biashara hazipo huko. Projekti za Reaper ni maandishi ya kawaida: hata bila Reaper unaweza kuzifungua kama barua na kusoma traki zilivyopangwa.

Nina kazi za Cool Edit Pro za mwaka 2003. Zimekwisha?

Hazijaisha. Faili la SES, yaani la projekti ya Cool Edit Pro, halifunguki kwenye Audition za sasa, lakini folda yake kwa kawaida ina mafaili ya WAV ambayo yanasomeka popote. Anza kwa kuyanakili yote. Kisha tafuta kompyuta yenye Audition 3: fungua SES humo, hifadhi kwa XML, na Audition za baadaye zitaisoma. Ukiwa humo ndani, usiishie kwenye XML. Toa kila traki ikiwa imeanzia sekunde ya sifuri.

Kompyuta ya zamani ya studio niiuze?

Usiiuze kabla hujatoa kazi zote. Iondoe kwenye intaneti, zima masasisho, na tengeneza nakala kamili ya diski yake, pamoja na mfumo na leseni, kwenye diski nyingine. Diski ya kuzunguka ya miaka kumi na mitano haina ahadi. Kisha anza na nyimbo zenye vokali za watu ambao hawawezi kurudi kurekodi tena, halafu zile zinazoingiza mirabaha, na mwishoni midundo ambayo haikupata msanii. Kompyuta ikifa katikati, utakuwa umeshavuka na zile zisizorudiwa.